Vikao vya Maabara na Usimamizi wa Utafiti: Mambo ya Kukubaliana Mapema

Mwanafunzi wa uzamili anayeripoti maabara kwa mara ya kwanza huonyeshwa friza, mizani, stoo ya vitendanishi na daftari la kusaini, lakini ni nadra kuambiwa msimamizi atakutana naye siku gani, rasimu yake itasomwa kwa muda gani na jina la nani litatangulia kwenye makala. Mambo hayo huachwa yajitokeze yenyewe, nayo hujitokeza mwaka wa pili yakiwa yameshageuka manung'uniko. Ninayoyaeleza hapa yanatokana na usimamizi wa wanafunzi katika maabara ya baiolojia ya molekuli nchini Tanzania, tunakochunguza ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe.

Katika wiki ya kwanza, msimamizi na mwanafunzi wakae saa nzima na kuandika makubaliano yasiyozidi kurasa mbili. Yaandikwe hata kama wanafahamiana tangu shahada ya kwanza, na pengine hasa kwa sababu hiyo. Waandike siku na saa ya kikao chao, utaratibu wa kuomba ruhusa, mahali data ghafi zitakapohifadhiwa, na ukweli kwamba daftari la maabara ni mali ya maabara na halipelekwi nyumbani. Waandike pia muda wa kurudisha rasimu: mimi hujifunga kurudisha sura moja ndani ya siku 10 za kazi na ikisiri ndani ya siku 3, na nikichelewa mwanafunzi ana haki ya kunikumbusha bila kuanza kwa kuomba radhi.

Suala la majina kwenye makala lisiahirishwe. Kigezo kinachofaa kuanzia ni kile cha Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, kinachotaka kila mwandishi awe ametoa mchango wa maana katika ubunifu wa utafiti, ukusanyaji wa data, uchambuzi au tafsiri yake, awe ameandika au kuihakiki makala kwa kina, awe ameridhia toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi yote. Masharti hayo manne huenda pamoja, kwa hiyo mkuu wa kitengo aliyeruhusu mashine yake itumike hushukuriwa mwishoni mwa makala, na cheo chake hakimfanyi mwandishi. Kuyasema haya kabla sampuli hazijakusanywa ni rahisi. Kuyasema makala ikiwa tayari kutumwa ni ugomvi.

Kikao cha wiki cha watu wawili ndicho kinachobeba usimamizi wenyewe, na nilichelewa kulielewa hilo. Niliwahi kuwa na mwanafunzi mwenye bidii ambaye kwa wiki 6 mfululizo nilimwuliza, "Unaendeleaje?" naye akajibu, "Vizuri, Daktari." Siku nilipoomba kuona picha ya jeli, ambayo huonyesha DNA kama mistari, niliona mstari angavu kwenye kisima cha maji matupu, yaani kitundu cha jeli kilichotiwa jaribio lisilo na DNA, mahali ambapo hapakupaswa kuonekana chochote, na picha za nyuma zilikuwa na mstari uleule. PCR yetu, yaani njia ya kuzalisha nakala nyingi za DNA ndani ya mirija, ilikuwa ya hatua mbili, naye alikuwa akifungua mirija ya hatua ya kwanza juu ya meza ileile anayochanganyia vitendanishi, hivyo DNA iliyokwisha kuzalishwa kwa wingi ilikuwa ikichafua kila jaribio jipya. Alikuwa ameuona mstari huo tangu wiki ya pili, akaona aibu kuusema. Lawama kubwa ilikuwa yangu: "unaendeleaje" kwetu ni salamu, na salamu ina jibu moja tu la adabu.

Tangu hapo kikao huanza na data mezani, na mwanafunzi ndiye anayekiongoza. Jioni ya kuamkia kikao hunitumia maelezo mafupi, kwa mfano: "Nimetoa DNA kwenye sampuli 24 za damu, 17 zina kiwango cha kutosha, 7 hazina. Hizo 7 zote zilichukuliwa siku moja, nadhani barafu iliyeyuka njiani. Naomba tuamue kama nirudi kijijini au niziache." Maelezo ya namna hiyo yanatosha kwa dakika 40 za mazungumzo, kwa kuwa yana hesabu, yana dhana ya mwanafunzi mwenyewe na yanadai uamuzi. Msimamizi naye ajizuie kushika pipeti ya maneno: amwache mwanafunzi apendekeze kwanza, hata akisitasita, ndipo amkosoe.

Kikao cha maabara nzima kina kazi nyingine. Sisi hukutana Ijumaa saa 3 asubuhi kwa saa moja na nusu, wiki moja mtu akiwasilisha data zake na wiki inayofuata tukijadili makala moja. Sharti letu ni kwamba maswali yaanzie kwa mgeni kuliko wote, na profesa azungumze mwisho, kwa sababu akishatoa maoni hakuna atakayempinga. Mawasilisho hufanywa kwa Kiingereza kwa kuwa tasnifu zitaandikwa kwa lugha hiyo, lakini mjadala uko huru, na mara nyingi swali la maana huulizwa kwa Kiswahili na mtu aliyekuwa kimya mwezi mzima. Katibu wa zamu huandika nani atafanya nini hadi lini, na kuyatuma kwenye kundi la WhatsApp siku hiyohiyo. Hapo pia ndipo hukumbushwa maombi ya vibali na uagizaji wa vitendanishi, mambo ambayo yakichelewa humsimamisha mwanafunzi miezi kadhaa bila kosa lake.

Kukitokea kutoelewana kusikomalizika baina ya wawili, makubaliano yaonyeshe mapema mtu wa kumwendea, awe msimamizi wa pili au mratibu wa shahada za juu, na kwenda huko kusihesabiwe kuwa ni kumshitaki mkubwa.

Kila baada ya miezi 6 kurasa zile mbili zifunguliwe tena, na swali la kwanza lielekezwe kwa mwanafunzi: ni jambo gani ninalolifanya linalokuchelewesha? Ukiuliza mara moja utaambiwa hakuna, kwa hiyo mpe swali siku mbili kabla na umwombe aandike jibu. Jibu la kwanza nililopata kwa njia hiyo lilihusu neno "rekebisha", nililokuwa nimeliandika pembeni mwa rasimu moja mara 11 bila kueleza kasoro ni ipi.