Stempu zenye majina yanayochanganya

Ukianza kupanga stempu za dunia nzima, usikimbilie albamu. Zitenge kwanza kwenye bahasha, kila nchi na yake, na juu uandike jina lililo kwenye stempu pamoja na lile tulilolizoea: Helvetia ni Uswisi, Magyar ni Hungaria, Suomi ni Finland. Ukikuta haina jina la nchi, ila kichwa cha malkia au mfalme pembeni, hiyo kwa kawaida ni ya Uingereza. Zile zetu za zamani zilizoandikwa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja zitengee bahasha ya peke yake, usizigawe. Mimi nazipenda kuliko zote. Na shika kwa kibano, jasho la vidole huharibu gundi ya nyuma.