Unataka kwenda nyumbani na watoto na shule haijafunga? Soma hapa kabla hujakata tiketi

Kila ikifika mwezi wa nne group letu la wamama wa huku Uingereza linaanza, nani kaona tiketi za bei poa, na jibu ni lile lile kila mwaka, bei poa zipo ila tarehe zake shule haijafunga. Mwanzoni mwa Juni unakuta tiketi ya Dar inayolipika, ukisogea tu mpaka wiki ya mwisho ya Julai imeruka huko, na wewe una watoto watatu na mume, kila mmoja na masanduku yake mawili ya kilo 23 yaliyojaa mzigo wa ukoo mzima. Mtu unajiuliza, hivi nikiwatoa wiki mbili kabla ya kufunga kuna nini? Kuna kitu, na ndo maana naandika, maana naona watu wanapeana ushauri wa mwaka 2010 wakati sheria imeshabadilika mara mbili tangu hapo.

Naongelea England tu jamani. Wales hedi ticha bado anaweza kukupa mpaka siku 10 za shule akiridhika, na faini yao ni nyingine. Scotland hawana huu mtindo wa barua za faini, kwa hiyo binamu yako wa Glasgow akisema "mbona mimi sijawahi kupigwa faini" mwambie hongera, endelea na mambo yako.

Sheria ilivyo kwa sasa

Zamani hedi ticha wa England aliweza kukuruhusu mpaka siku 10 kwa mwaka kwa ajili ya likizo ya familia. Hiyo iliondolewa Septemba 2013, ikabaki kwamba ruhusa ni kwa sababu isiyo ya kawaida tu, na serikali imesema wazi kwamba kutaka kwenda kupumzika si sababu ya hivyo. Halafu Agosti 2024 wakaja na mfumo mmoja wa faini nchi nzima, kabla ya hapo kila halmashauri ilikuwa na lake.

Hesabu iko hivi. Rejista inaitwa mara mbili kwa siku, asubuhi na mchana, kwa hiyo siku moja ni nusu mbili. Mtoto akikosa nusu 10 bila ruhusa ndani ya wiki 10 za shule, yaani siku 5 tu, shule inatakiwa ifikirie suala la faini. Na hapa watu wengi wanapigwa, kwa sababu zile nusu 10 sio lazima zifuatane na sio lazima ziwe za safari, hata zile asubuhi mlizofika rejista imeshafungwa zinahesabiwa humo humo. Mfano umemtoa siku 3, hizo ni nusu 6, unaona uko salama, kumbe mwezi huo huo alichelewa asubuhi mara nne, 6 na 4 ni 10, barua hiyo inakuja. Na wiki za likizo haziingii kwenye zile wiki 10, kwa hiyo kukosa mwisho wa Julai na kukosa tena mwanzo wa Septemba vinaweza kuunganishwa vikawa kitu kimoja.

Kuna mjanja atasema basi mimi nitatoa siku nne nne kila mara. Nao wameshamfikiria, halmashauri inaweza kukuandikia hata hujafika 10 ikiona unakwepa makusudi.

Pesa sasa

Faini ni kwa kila mzazi kwa kila mtoto, usikie vizuri, KILA mzazi KILA mtoto. Ni pauni 80 ukilipa ndani ya siku 21, ukizubaa mpaka siku ya 28 inakuwa 160. Wazazi wawili watoto watatu hizo ni faini sita, pauni 480, na ukichelewa ni 960. Ndani ya miaka mitatu ukirudia kwa mtoto yule yule inaanzia 160 moja kwa moja, hakuna bei ya kuwahi. Mara ya tatu hakuna tena barua ya kulipa, kwa kawaida ni mahakamani, na huko inaweza kufika pauni 2,500 na sheria inataja mpaka kifungo cha miezi 3, ingawa sidhani kama kuna mtu atafungwa kwa kwenda kumuona bibi. Ila hukumu ni hukumu, na sisi wenye makaratasi ambayo bado hayajakaa sawa, fomu ya kuomba uraia inauliza kuhusu hukumu za mahakama. Ile faini ya barua ukiilipa imeisha hapo, sio hukumu.

Na "mzazi" kwa sheria yao sio mliofunga ndoa tu, baba mliyeachana anayeishi mji mwingine anaweza kuletewa yake, baba wa kambo anayemlea pia. Kwa hiyo kama mmeachana na wewe ndo unasafiri, mpigie mwambie kabla, asije kufungua barua ya pauni 80 kwa safari ambayo hata samaki wa zawadi hakuletewa.

Rufaa hakuna. Ukiona wamekosea, mfano mtoto hakuwa wa shule hiyo tena, unaiandikia halmashauri waifute, la sivyo uchague kulipa au kwenda kujitetea mahakamani. Kabla hujajifanya mbishi kumbuka yule baba wa Isle of Wight, Jon Platt, alimpeleka bintiye Florida mwaka 2015 akagoma kulipa faini ya pauni 120, akashinda huku chini, halmashauri ikakata rufaa mpaka Mahakama ya Juu, na Aprili 2017 majaji wakasema kuhudhuria kwa kawaida maana yake ni kuhudhuria kwa kufuata utaratibu wa shule, sio kwamba mtoto kaja siku nyingi. Kesi ikarudi kwa mahakimu akakutwa na hatia na gharama za pauni 2,000 juu. Kwa hiyo ile hoja ya "mwanangu mahudhurio yake mazuri" imeshakufa.

Kuomba ruhusa

Omba kabla, ikiwezekana kabla hujalipia tiketi, kwa sababu hedi ticha hawezi kukupa ruhusa ya likizo ambayo imeshapita, sheria yenyewe haimruhusu. Shule nyingi zina fomu ofisini au kwenye tovuti yao. Usiandike "family holiday" ukakaa kusubiri muujiza. Kama kuna sababu ya kweli itaje kwa jina na ueleze kwa nini haiwezi kusogezwa: babu anaumwa sana na daktari kasema muda ni mfupi, arobaini ya mama yako, ndoa ya mdogo wako wa tumbo moja ambayo tarehe ilipangwa na upande wa bwana harusi. Barua yangu iliyokubaliwa ukiitafsiri ilikuwa fupi tu hivi:

"Naomba ruhusa ya siku tatu kwa wanangu wawili, kuanzia Jumatano mpaka Ijumaa. Mama yangu mzazi amefariki Tanga na kwa mila yetu familia yote inakusanyika kwa kisomo. Tarehe hatukuchagua sisi. Tutarudi Jumapili, Jumatatu watakuwa darasani. Nimeambatanisha tiketi ya kurudi. Naomba mnitajie kazi watakazokosa tuzifanye huko."

Kilichosaidia nadhani ni ile tiketi ya kurudi. Wenzetu huku wana wasiwasi na mtoto anayeondoka na haijulikani anarudi lini, hasa wasichana, na walimu wanafundishwa kuuliza maswali, na ukiwa unajibu kwa mafumbo wanazidi kuuliza. Msiba ukitokea usiku na ndege ni alfajiri, tuma imeili hapo hapo ukiwa uwanja wa ndege, mistari miwili inatosha, hata kama hawajajibu umeomba kabla.

Hedi anaamua mwenyewe kila ombi na anaamua pia ni siku ngapi, unaweza kuomba kumi akakupa tatu. Zile zilizobaki ukizichukua ni zako bila ruhusa.

Sikukuu ya Idi ni mlango mwingine kabisa. Siku ya ibada ya dini yako ina alama yake kwenye rejista na haihesabiwi kama utoro, ila kwa kawaida ni siku yenyewe tu, sio wiki, na waandikie mapema. Hapa kuna kasheshe la mwezi, msikiti huu unafuata Saudia mwingine unasubiri kuuona, mimi naandika "itakuwa ama Alhamisi ama Ijumaa, nitawathibitishia usiku" na sekretari wa shule ameshazoea, siku hizi ananiuliza yeye "so, have they seen it?"

Usidanganye kwamba anaumwa

Hili naliandika nikiwa na aibu. Mwaka mmoja nilipiga simu shuleni nikasema binti yangu ana homa na anatapika, tuko zetu Unguja. Siku ya tatu wakanipigia kuulizia hali yake, na simu ikiwa nje ya nchi mlio wake anaousikia mpigaji ni tofauti na wa Uingereza, hiyo sikuijua, mwenyewe nikapokea huku nyuma muazini anaadhini na jogoo wa jirani naye kaamua kuwika. Yule mama wa ofisi akanyamaza kidogo, akasema tu "pole, apone haraka". Tulivyorudi mtoto ana hina mpaka kwenye viwiko na nywele zimesukwa mabutu, mwalimu wa Year 2 akamuuliza wikiendi ilikuwaje, akaeleza darasa zima habari ya boti ya kwenda Pemba na jinsi alivyotapika baharini. Kutapika kulikuwa kweli basi. Faini ilikuja, hiyo sawa, ila kilichoniuma ni kwamba miaka miwili baadaye mtoto akaumwa kweli siku sita na shule ikataka karatasi ya daktari. Ukishaamua kumtoa, sema unamtoa, lipa faini yako, shule ibaki inakuamini siku ukiwa na msiba.

Njia za kupata siku bila kuvunja kitu

Kaa na kalenda ya shule YAKO, sio ya Google, maana akademia, yaani shule za serikali zisizo chini ya halmashauri, zinajipangia zenyewe. Shule nyingi zina siku 5 kwa mwaka za mafunzo ya walimu ambazo watoto hawaendi, na mara nyingi zimepachikwa Ijumaa kabla au Jumatatu baada ya likizo. Hafu temu ya Mei, ile likizo ya wiki moja katikati ya muhula, ukiongeza siku moja ya walimu na wikiendi zake unapata siku kumi za kusafiri bila kugusa rejista. Kuna shule zinatoa wiki mbili nzima Oktoba, na watu wa Leicester shule zao hufunga mapema Julai kuliko sehemu nyingi za England, hao wanawahi tiketi kabla ya sisi wengine. Ukiwa na watoto shule mbili tofauti hapo sina la kukwambia, weka kalenda mbili ukutani utafute zinapolingana.

Mtoto mdogo wa Reception, lile darasa la kuanzia kabla ya Year 1, sheria inaanza kumbana muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka mitano. Kazaliwa Februari, anabanwa baada ya Machi kuisha, kabla ya hapo faini hakuna. Safari kubwa ya kumtambulisha kwa ukoo ifanye hapo.

Miezi ya kuogopa: Mei kwa wa Year 6, wanaomaliza shule ya msingi, kwa sababu ya mitihani yao, na Year 10 na 11, ile miaka miwili ya GCSE, mitihani ya sekondari, sikushauri kabisa hata siku moja.

Kwa wale wanaotaka kumwacha mtoto kwa bibi miezi mitatu minne ajifunze Kiswahili na adabu, huo ni mchezo mwingine. Akikosa siku 20 za shule mfululizo bila ruhusa, shule na halmashauri wakishafuatilia, jina linaweza kufutwa, na mkirudi nafasi kapewa mtoto mwingine nyie mnapangiwa shule ya mabasi mawili. Child Benefit, ile pesa ya serikali ya kulea mtoto, nayo inaendelea kwa wiki 8 tu za kuwa nje, 12 kama ni matibabu au msiba, na lazima uwaambie, ukiendelea kuipokea kimyakimya watakuja kuidai.

Siku ya kurudi

Usikate tiketi inayotua Jumapili usiku ukasema tutawahi. Ndege ikichelewa Addis au Doha kwa masaa sita tu, Jumatatu saa mbili na dakika arobaini na tano rejista inaitwa na nyie mko kwenye foleni ya pasipoti Heathrow. Tua Jumamosi. Ikitokea mmekwama, ile meseji ya shirika la ndege ya kuchelewa ipeleke shuleni hapo hapo na uitunze. Na unifomu ziache zimefuliwa zinaning'inia kabla hamjaondoka, maana mkirudi masanduku yanafunguliwa kwanza kutoa korosho na achari za watu, na sweta la shule utalikuta chini kabisa linanuka dagaa.