Folda ya .git Imejaa? Ipunguze Bila Kupoteza Kazi

Sisi tunaotengeneza tovuti za utalii hapa Arusha tunalijua hili. Mteja analeta picha za Ngorongoro zilivyotoka kwenye kamera, zinaingia kwenye Git (programu inayotunza historia ya mradi), kesho zinafutwa, na diski bado imejaa. Ni kawaida: ukishahifadhi toleo, picha zake hubaki ndani ya .git hata ukizifuta kwenye mradi.

1. Pima kwanza

`git count-objects -vH`

Mstari wa "size" ni nakala ambazo hazijafungashwa (hazijakusanywa pamoja kwenye faili moja), "size-pack" ni zilizofungashwa. Ukibadilisha mstari mmoja wa faili, Git huweka nakala mpya ya faili zima, ingawa imebanwa. Ni wakati wa kufungasha tu ndipo inapolinganisha nakala zinazofanana na kubakiza tofauti zake.

2. Fungasha

`git gc`

Git huifanya yenyewe nakala zisizofungashwa zikikaribia 6,700. Wapo wanaokimbilia `git gc --prune=now`, inayofuta mabaki (nakala zisizotumiwa na toleo lolote) papo hapo; mimi siipendi. Zile wiki 2 ambazo Git husubiri kabla ya kufuta mabaki zimeshaokoa kazi za watu wengi. Na usifute chochote kwa mkono ndani ya `.git/objects`.

3. Watafute wakubwa

Kama "size-pack" bado ni kubwa, mara nyingi ni picha au video. JPEG tayari imebanwa, kwa hiyo `gc` haiipunguzi. Amri hii inaonyesha vitu 15 vikubwa zaidi, kikubwa kabisa kikiwa mwishoni:

`git rev-list --objects --all | git cat-file --batch-check='%(objecttype) %(objectname) %(objectsize) %(rest)' | sort -k3 -n | tail -15`

4. Ziondoe kwenye historia

Nakili picha kwenye diski ya nje, maana amri ya hapa chini itazifuta hata kwenye toleo la leo. Wenzako wote wawe wameshatuma kazi zao. Kisha sakinisha git-filter-repo (zana ya kuandika upya historia), vuta nakala mpya ya mradi kutoka kwenye seva, na ndani yake andika (hapa `picha/ghafi` ndiyo folda ya picha hizo):

`git filter-repo --path picha/ghafi --invert-paths`

Namba za matoleo zitabadilika, na anwani ya seva itaondolewa. Irudishe kwa `git remote add origin` ikifuatiwa na anwani hiyo, kisha:

`git push --force --all`
`git push --force --tags`

Sasa kila mtu avute mradi upya. Akituma kutoka folda yake ya zamani, picha zote zinarudi. Aliyeko Moshi kwa bando la simu atumie `git clone --depth 1`, apate toleo la mwisho tu.

Halafu andika `picha/ghafi/` kwenye .gitignore (faili la orodha ya vitu ambavyo Git isivihifadhi) kabla mteja hajaleta nyingine.