DVD za Benny Hill: soma dakika, usisome jina

Mjomba wangu wa Unguja alikuwa baharia zamani, na meli yao ilikuwa ikitia nanga Southampton, Uingereza, kila mara, mji aliozaliwa yule mchekeshaji wa televisheni Benny Hill mwaka 1924, kwa hiyo ukimtajia tu hilo jina anaanza kuupiga kwa mdomo ule muziki wa saksafoni wa kufukuzana, afu anamgongagonga mjukuu wake utosini kama Benny alivyokuwa akimfanyia yule kibabu mfupi wa upara, Jackie Wright. Juzijuzi kanipigia. "Mjomba," (tunaitana hivyohivyo sote wawili) "we si uko hukohuko Leicester, hebu nitafutie Benny Hill wote."

Mi nikaona kazi ya dakika kumi hiyo. Nikaingia mtandaoni, nikachukua ya kwanza niliyoiona, kava limeandikwa Best of, bei chee, nikampa mtu aliyekuwa anashuka Zenji. Wiki moja mbele mjomba kanuna: kichekesho kinaanza vizuri kinakatwa katikati, kingine hakina mwisho, yaani kama mtu kapita na mkasi. Na kweli mtu alipita na mkasi. Ndo maana naandika hapa, msije mkaingia mkenge kama mimi.

Kwanza jua unatafuta kipindi gani, maana kuna Benny Hill wawili. Kuna wa BBC, alianza 1955 akaenda mpaka 1968 na mapumziko ya hapa na pale, huyo usihangaike naye sana, wakati ule tepu za kurekodia zilikuwa ghali BBC wakawa wanafuta vipindi wanarekodia vingine juu yake, kilichobaki ni kidogo. Afu kuna wa Thames, kampuni iliyokuwa ikirusha vipindi kwenye ITV ya Uingereza, 1969 mpaka 1989, vipindi 58, na huyu ndo mwenye wale wasichana wa dansi wenye nguo fupi, kibabu wa upara na kukimbizana bustanini. Mtu akikwambia anamkumbuka Benny Hill, tisa kati ya kumi anamkumbuka wa Thames.

Sasa mkasi. Kipindi cha Thames kilipangiwa saa nzima na matangazo, ukitoa matangazo inabaki kama dakika 50 hivi. Wamarekani walipokitaka, kuanzia 1979 kikakatwakatwa kuwa vya nusu saa, yaani wanachukua kichekesho cha kipindi hiki wanakichanganya na cha kipindi kile, na hizo nusu saa ndo zilizozunguka dunia nzima. DVD na kanda nyingi za bei rahisi zimetoka kwenye hayo mabaki. Pia kuna filamu ya 1974 inaitwa The Best of Benny Hill, nayo ni mkusanyiko wa vichekesho vya miaka ya mwanzo ya Thames. Kwa hiyo ukiona hilo jina huwezi kujua umeshika nini.

Dawa yake ni hii: geuza kava, nenda chini kabisa kwenye yale maandishi madogo madogo ambayo hakuna mtu anayasoma, tafuta jumla ya dakika na idadi ya vipindi, gawanya. Ikija 25 kwa kila kipindi ujue umeshika makatwa. Ikija 50 au karibu yake, chukua. Na kama muuzaji wa mtandaoni hajaweka picha ya nyuma, muombe, akikataa achana naye. Angalia pia kama kuna miaka imeandikwa, kwa sababu seti za kweli zinajivunia miaka, hizi za kuokoteza zinaficha.

Za kweli ni zipi? Uingereza kampuni ya Network ilizitoa mwaka kwa mwaka kwa jina la The Benny Hill Annual, 1970, 1971 na kuendelea, DVD safi sana zile, ila Network yenyewe ilifungwa 2023 kwa hiyo kilichopo ni cha mitumba au kilichobaki kwenye stoo za watu. Marekani A&E walitoa boksi sita kwa jina la Complete and Unadulterated: la kwanza 1969 hadi 1971, la pili 1972 hadi 1974, la tatu 1975 hadi 1977, halafu la nne mpaka la sita ndo zinamaliza hadi 1989, na hizo tatu za mwisho zimeandikwa The Hill's Angels Years kwa ajili ya wale wasichana. Baadaye wakaziunganisha zote kuwa boksi moja kubwa la DVD 18, Megaset. Ukilipata hilo bei nzuri usiulize mara mbili. Lakini muulize kwanza unayemnunulia anakumbuka nini hasa, kama ni wasichana basi mnunulie boksi la nne kwenda juu, ya nini kumbebesha yote. (Na umwambie asiweke sebuleni wakwe wakiwepo. Mi nimesema.)

Kabla hujalipa kuna suala la rijini, ile namba ndani ya alama ya dunia nyuma ya kava. Uingereza ni 2, Marekani ni 1, na sisi Kenya, Tanzania, Uganda tuko 5. Kwa hiyo kisheria za deki DVD ya Uingereza isingecheza nyumbani, ila deki nyingi za Kichina zinazouzwa Kariakoo au Luthuli hazijali rijini, zinameza chochote. Deki za majina makubwa ndo zinaringa. Ndugu zetu wa Muscat wao wana raha, Oman iko rijini 2 sawasawa na Uingereza. Mi kwa mjomba napendelea ya Uingereza kwa sababu nyingine pia, hivi vipindi vilirekodiwa kwa mfumo wa picha wa PAL, ndo uleule uliotumika nyumbani, picha inatoka kama ilivyo. Ya Marekani imegeuzwa kuwa NTSC, mfumo wao wa huko, na watu wakikimbia, na kwa Benny Hill watu wanakimbia kweli, inakuwa na kivuli kivuli.

Kanda za VHS sikushauri, labda uwe na deki yake na roho ngumu. Ukipewa kanda iliyokaa Pwani miaka, ichungulie kwenye kile kidirisha, ukiona unga mweupe ukingoni mwa utepe hiyo ni ukungu, usiitie kwenye deki, utachafua vichwa na kila kanda utakayoweka baadaye.

Pa kutafuta: kama una mtu Uingereza mwambie apite maduka ya hisani kama Oxfam na British Heart Foundation, DVD huko zinakwenda pauni 1 au 2 na anayezipanga wala hana habari ipi ni adimu. CeX nao, wale wa maduka ya mitumba. eBay, usiandike Benny Hill peke yake, utazama. Omba picha ya bakodi ya ile unayoitaka, afu andika zile tarakimu kwenye sachi, inakuja ileile tupu. Na chuja uone zilizokwisha uzwa, hapo ndo utajua bei ya kweli, siyo bei ya ndoto ya muuzaji. Ikifika igeuze tumbo: original ni ya fedha, ikiwa na rangi ya zambarau hiyo kachoma mtu nyumbani kwake.

Mjomba sasa anayo ya 1970 na ya 1971. Juzi kanipigia tena, analalamika deki imekufa rangi, vipindi vingine vinatoka rangi vingine nyeusi na nyeupe. Nikamwambia deki haina neno, mafundi wa ITV ya Uingereza waligoma kuanzia Novemba 1970 mpaka Februari 1971, walikataa kutumia mitambo ya rangi mpaka waongezwe hela, ndo vikarekodiwa hivyohivyo. Akanyamaza kidogo.

"Waliongezwa?"

Nikamwambia walielewana.

"Basi sawa. Ila wangegomea taarifa ya habari."