Plastiki ya muhogo na watoto: usiianike juani kama mimi

Wikendi mbili nimeshinda jikoni na mpwa wangu wa darasa la nne na wenzake wawili wa jirani. Awamu ya kwanza yote tulitupa.

1. Wanga. Mihogo mitamu, menya, kwaruza, kamua kwenye maji kwa kitambaa, acha yatulie, mwaga ya juu, ule weupe wa chini uanike ukauke. Unga wa muhogo wa ugali hapana, una makapi. Konflawa inakubali ila mi sinunui, mtoto akwaruze mwenyewe aone kitu kimetoka wapi.

2. Vipimo. Wanga kijiko kimoja cha chakula, maji vinne, siki kijiko cha chai. Gliserini (maduka ya vipodozi wanayo) ndo jaribio lenyewe: sampuli ya kwanza usiweke, ya pili kijiko kimoja cha chai, ya tatu viwili. Kabla ya kupika kila mtoto aandike ipi itavunjika.

3. Pika moto mdogo huku unakoroga mpaka iwe uji mzito unaong'aa. Gesi jamani, mkaa hutaumudu. Na mwiko ushike wewe, huu uji ukimrukia mtoto unang'ang'ania kwenye ngozi.

4. Kukausha. Hapa ndo nililia. Nilimwaga kwenye sinia la bati nikaweka juani, nikajua saa sita tu kazi imeisha, kumbe juu inakauka haraka chini bado mbichi, ikajikunja kama chapati iliyoungua ikapasuka vipande, na iliyobaki ikagandia sinia mpaka tukailoweka usiku kucha. Sasa nafanya hivi: natandaza juu ya kava la plastiki la faili, nimelipaka mafuta kiduchu sana (yakizidi inateleza, haitandiki), unene kama wa sarafu, ukizidi hapo ndani itaota ukungu hasa msimu wa mvua. Kivulini, penye upepo, siku mbili. Baada ya siku ya kwanza bandua taratibu ugeuze, ikigoma iache, usivute! Ile ya vijiko viwili kwa joto hili la Dar itabaki inanata kidogo, gliserini inavuta unyevu wa hewani, hujakosea.

5. Wapinde. Isiyo na gliserini inakatika kwa kishindo, ya kijiko kimoja inapinda, ya viwili inalegea kama ngozi. Mi niliwaambia wafikirie tambi: zikipoa bila mafuta zinashikana bonge moja, ukitia mafuta zinateleza. Wanga nao ni minyororo mirefu, gliserini inaingia katikati yao. Walielewa hapohapo, na yule mdogo ndo alikuwa ameotea zote tatu.

Halafu kipande kimoja wakakitumbukiza kwenye glasi ya maji, asubuhi kimekuwa tepetepe. Mpwa wangu akaniuliza, "Anko, sasa mfuko wa hivi ukinyeshewa?" Jumamosi tunajaribu kupaka nta ya mshumaa.