Jinsi ya kuandika anwani kwenye postikadi ili ifike

Watu wananiuliza sana kwa nini postikadi zao zinapotea, na nikiwaomba wanitumie picha ya upande wa nyuma mara nyingi nakuta shida iko kwenye anwani. Mi natuma postikadi toka niko sekondari Tanga, kwa ndugu walioko Muscat, kwa marafiki Ujerumani na Kenya, na jambo ambalo natamani ningeambiwa mapema ni hili: anwani unaiandika kutoka juu kwenda chini ila posta wanaisoma kutoka chini kwenda juu. Karani wa Dar anayegawa mizigo ya nje hana haja na mtaa wala jina la mtu, anatafuta nchi tu. Ikishafika nchi hiyo wanatafuta mji na postikodi, yaani kodi ya posta ya eneo, afu mpeleka barua ndo anaangalia mtaa na namba ya nyumba, jina linasomwa mwisho kabisa mlangoni. Kila mstari una msomaji wake, ukiuchanganya na mwingine yule msomaji anakwama.

Hatua ya 1: igawe kadi

Postikadi haina bahasha, kwa hiyo salamu na anwani vinakaa upande mmoja, kushoto salamu, kulia anwani. Mwanzo haikuwa hivo. Postikadi ya kwanza ilitolewa Austria-Hungary tarehe 1 Oktoba 1869 na upande mzima ulikuwa wa anwani peke yake, na kadi za picha zilipokuja watu wakawa wanabanabana salamu pembeni ya picha, mpaka Uingereza waliporuhusu mwaka 1902 upande wa anwani ukatwe katikati na nchi nyingine zikafuata. Ndo huo mstari wa wima unaouona. Kama kadi umechora mwenyewe chukua rula upige mstari wako. Vipimo visiwe chini ya sentimita 9 kwa 14 wala visizidi 12 kwa 23.5.

Hatua ya 2: anwani kwanza, salamu baadaye

Hapa ndo wengi wanaharibu. Mtu anaanza na shikamoo, anauliza hali ya bibi, ya wajomba, ya mvua za vuli, anakuja kushtuka salamu zimeshavuka mstari na anwani imebaki na nafasi ya kiganja cha mtoto. Andika anwani yote kwanza, kwa herufi kubwa zilizoachana, kwa biki nyeusi au ya bluu. Kadi zenye kung'aa zinakataa biki, kwa hizo tumia maka peni nyembamba na uache wino ukauke kabla hujaishika.

Hatua ya 3: mistari yenyewe

Tuchukue anwani ya wazi kabisa, ya Umoja wa Posta Duniani wenyewe, ambao ulianzishwa Bern mwaka 1874 na makao yake yako hukohuko:

UNIVERSAL POSTAL UNION
WELTPOSTSTRASSE 4
3015 BERN
SWITZERLAND

Angalia mpangilio. Mpokeaji, mtaa na namba, postikodi na mji, nchi. Uswisi na Ujerumani namba ya nyumba inakuja baada ya jina la mtaa na postikodi inatangulia mji, Uingereza ni kinyume, namba ya nyumba inatangulia mtaa na postikodi inakaa mstari wake peke yake chini ya mji, Marekani unaweka mji, kifupi cha jimbo, afu zip kodi, yaani postikodi yao, vyote mstari mmoja. Usiipange upya anwani ya mtu ifanane na ya kwenu, nakili vilevile alivyokuandikia maana wanaoisoma mwishoni ni watu wa kwao.

Nchi za huku kwetu na Ghuba zina mambo yake. Tanzania wengi hatuna sanduku la barua nyumbani, tunatumia S.L.P. ya kazini, ya shule au ya kanisa, kwa hiyo jina la mwenye sanduku lazima liwepo: jina la mpokeaji, chini yake "kupitia kwa" na jina la shule, halafu S.L.P. na mji. Ukiliacha jina la shule kadi itaingia kwenye sanduku sawa lakini ikichanganyika na barua za ofisi hakuna atakayejua ni ya nani. Rafiki wa nje akikutumia mwambie aandike P.O. Box. Kenya postikodi ni ya ofisi ya posta lilipo sanduku, kwa hiyo unaandika namba ya sanduku, kistari, kisha kodi, mfano 00100 kwa GPO, yaani posta kuu, ya Nairobi au 80100 kwa Mombasa. Oman wana kodi ya tarakimu tatu, Ruwi, kule Muscat, ni 112. Dubai na Emirates nzima hawatumii postikodi, kule sanduku ndo kila kitu, ukikosea tarakimu moja basi.

Hatua ya 4: nchi

Mstari wa mwisho, herufi kubwa, peke yake, na kwa Kiingereza au Kifaransa. Naomba hili mlizingatie sana. Ukiandika UJERUMANI karani wa Dar ataelewa, ila kadi ikipitia uwanja mwingine wa ndege njiani hakuna atakayelijua hilo neno, na kuna majina yetu yanakaribiana vibaya, Uswisi na Uswidi vinatofautiana herufi moja na ni nchi mbili mbalimbali. Andika SWITZERLAND, andika SWEDEN, andika EGYPT badala ya Misri.

Hatua ya 5: anwani yako wewe

Siyo lazima, ila ukitaka iweke juu kushoto, ndogo, na neno "Mtumaji" au "From" mbele yake. Mi niliwahi kuiandika chini kulia kwa herufi kubwa kuliko za mpokeaji, kadi ikaondoka, ikazunguka wiki kadhaa, ikarudi kwenye sanduku letu ikiwa na muhuri. Ilikuwa ya kumpongeza dada yangu kwa kujifungua, mpaka leo inaniuma.

Hatua ya 6: stempu na PAR AVION

Stempu juu kulia, zote pamoja, zisiguse anwani. Hesabu nafasi yake kabla hujaanza kuandika, maana stempu za bei ndogo zinaweza kuwa nne au tano. PAR AVION ni Kifaransa, lugha rasmi ya Umoja wa Posta, maana yake kwa ndege, iandike au bandika kile kikaratasi cha bluu juu ya salamu, upande wa kushoto wa stempu. Chini kabisa ya kadi acha upana wa kidole bila maandishi yoyote, hata salamu, kwa sababu nchi kama Marekani mashine inasoma anwani halafu inachapa vimistari vyake hapo, ikikuta maandishi inashindwa.

Ukimaliza mpe mtu mwingine kadi, mwambie akusomee anwani kuanzia mstari wa chini. Akisita kwenye tarakimu yoyote, ile 1 yako iliyofanana na 7, irudie kabla hujaenda dirishani.