Jinsi ya kupata toleo halisi la singo la wimbo wa disko kwenye CD

Ukinunua CD ya mkusanyiko wa disko kwa sababu unautaka wimbo uleule uliokuwa ukipigwa redioni mwaka 1979, mara nyingi utaletewa wimbo mwingine wenye jina lilelile. Mwimbaji ni yeye na besi ni ileile, lakini ubeti wa kwanza unachelewa, fidla zinaingia mahali usipozizoea, na pale sauti ilipokuwa ikififia wimbo unasonga mbele dakika tatu zaidi. Toleo lile la redioni ndilo la singo, yaani santuri ndogo ya wimbo mmoja. Nimezisaka singo hizi kwa miaka mingi. Kazi kubwa iko kabla ya kutoa hela, na nitaieleza kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

Kwanza tujue matoleo haya yametoka wapi. Santuri ya inchi 12 ilikuwa ya madisko, watu wacheze bila kukatishwa. "Ten Percent" ya kundi la Double Exposure, iliyotolewa na kampuni ya Salsoul mwaka 1976 baada ya DJ Walter Gibbons kuirefusha, hutajwa kuwa ya kwanza ya aina hiyo kuuzwa madukani. Singo ya inchi 7, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, ilikuwa ya redio na jukiboksi, kwa hiyo ilibanwa. "Love to Love You Baby" ya Donna Summer inajaza upande mzima wa albamu, karibu dakika 17, ilhali singo yake ya Marekani haifiki dakika 5. "Good Times" ya Chic ina zaidi ya dakika 8 kwenye albamu na chini ya 4 kwenye singo. Kuna fundi aliyekaa na wembe wa kukatia kanda akaamua kipi kibaki, na uamuzi wake ndio wimbo ambao mamilioni ya watu waliupenda. Mimi siuiti ufupisho. Ni kazi inayojitegemea.

CD zilipoanza kuuzwa mwaka 1982 na makampuni yakaanza kurudisha nyimbo za zamani sokoni, kanda iliyokuwa rahisi kuipata ni ya albamu. Kanda ya singo mara nyingi ilikuwa nakala iliyotolewa kwenye nakala, imewekwa pembeni au imepotea kabisa.

Hatua ya 1: Itambue santuri yenyewe

Tafuta singo ya asili, au walau picha safi ya lebo yake. Discogs, tovuti ya orodha za santuri, ina picha nyingi. Andika namba ya toleo, mwaka, nchi na muda uliochapishwa. Angalia pia herufi na namba zilizochorwa kwenye sehemu tupu kati ya wimbo na lebo, kwa sababu santuri mbili zenye namba moja ya toleo zinaweza kuwa zimekatwa kutoka kanda tofauti.

Muda wa kwenye lebo usiuamini. Hata kabla ya disko watu walidanganya: mwaka 1964 mtayarishaji Phil Spector alichapisha 3:05 kwenye "You've Lost That Lovin' Feelin'", wimbo unaokaribia dakika 3 na sekunde 45, ili watangazaji wasiogope kuupiga. Pima mwenyewe.

Hatua ya 2: Chora ramani ya wimbo

Hapa ndipo wengi wanaparuka, na hapa ndipo jibu lilipo. Isikilize singo kwa hedifoni ukiwa na kalamu, uandike kila kinachoingia na sekunde kilipoingia. Ramani yangu moja inaanza hivi:

0:00 dramu na matoazi tu
0:08 besi
0:16 fidla
0:24 ubeti wa kwanza

Unaona hesabu ya nane nane? Kwa mwendo wa midundo 120 kwa dakika, midundo 16 huchukua sekunde 8 kamili. Fundi hakati ovyo. Anaondoa vipande vizima ili mchezaji asipoteze hatua. Kwa hiyo CD ikichelewesha ubeti kwa sekunde 8 au 16, ujue kuna kipande ambacho singo ilikiacha. Ikichelewa kwa sekunde 1 tu na pengo likaendelea kukua hadi mwisho, hapo ni kasi ya kanda. Singo nyingine ziliharakishwa kidogo zichangamke: asilimia 3 tu inapunguza zaidi ya sekunde 6 kwenye wimbo wa dakika tatu na nusu, na sauti ya mwimbaji inapanda.

Hatua ya 3: Tafuta CD

Pa kuanzia ni albamu zilizotolewa upya zikiwa na nyimbo za nyongeza mwishoni. Big Break Records ya Uingereza wamefanya kazi nzuri sana kwa albamu za disko na soul. Eric Records ya Marekani wana mfululizo mzima wa singo ngumu kupatikana. Mikusanyiko ya bei ya chini iogope, hasa kama kuna maandishi madogo nyuma ya kasha yanayosema nyimbo zimerekodiwa upya.

Hatua ya 4: Ihakiki

Maneno "single version" kwenye kasha ni dai tu. Niliwahi kuagiza CD iliyoandikwa hivyo, muda ukalingana na singo hadi sekunde. Nikaiweka na ramani yangu: hadi 1:52 sawa, kisha kikaja kipande cha ngoma ambacho singo haina, na mwishoni sauti ikafifishwa haraka kabla kiitikio hakijaisha. Walikuwa wamechukua toleo la albamu wakalifupisha mwishoni.

Ukiwa na kompyuta, weka nakala zote mbili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, moja juu ya nyingine, uzilinganishe kuanzia mdundo wa kwanza. Michoro ya mawimbi itakuonyesha mkato uko wapi. Sikiliza hasa mkia wa matoazi: kwenye mkato wa kweli wa mwaka 1978 utausikia ukikatika ghafla mahali palepale kwa nakala zote mbili. Aliyejaribu kuuigiza kwa kompyuta husahau dosari hiyo ndogo, au huilainisha.

Hatua ya 5: Kama haipo

Nyimbo nyingine hazijawahi kutoka kwenye CD kwa sura ya singo. Hapo tafuta santuri ambayo haijapigwa sana, ioshe, hakikisha mashine inazunguka kwa kasi sahihi, uinakili mwenyewe. Usiondoe mikwaruzo yote kwa programu, kwa maana itaondoka na ukali wa matoazi. Ramani itunze. Nina singo ambayo CD yake ilitokea miaka tisa baada ya kuichora, na niliitambua ndani ya sekunde 24 za kwanza.